Hedifoni zisizo na muziki

Mchezaji mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa hashuki kwenye basi la timu bila hedifoni kubwa masikioni. Mashabiki waliomsubiri getini saa nzima walimwona akipita kana kwamba hawapo, na jioni mitandaoni ikawa ni yaleyale: anajisikia, amelewa sifa. Siku moja alizisahau mezani kwangu, nami nikaziweka sikioni nisikie anapenda nini. Kimya. Aliporudi kuzichukua nikamuuliza. "Nikizivaa," akasema, "nina sababu ya kutosikia."

Mimi ni mwanasaikolojia wa michezo, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama pesa ndizo zinazowavimbisha wachezaji vichwa. Zina mkono wake, sikatai. Hadi Januari 1961 mwanasoka Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Ukomo ulipofutwa, Johnny Haynes wa Fulham akapanda hadi pauni 100, na tangu hapo mchezaji na fundi anayemshangilia jukwaani wamezidi kuachana.

Ila wengi ninaokutana nao walianza kuvimba kabla ya mshahara wa kwanza. Mtoto anaonekana ana kipaji akiwa na miaka tisa. Kuanzia siku hiyo chakula anapangiwa, safari anapangiwa, na simu ngumu anapigiwa na wakala. Nimekaa na kijana aliyeweza kuisoma safu ya ulinzi kwa kutupa jicho mara moja, lakini fomu ya kupanga nyumba ikamtoa jasho. Wote waliomzunguka wanakula kwa miguu yake. Nani atamwambia hapana?

Na sisi wataalamu tumo. Anayekwenda kupiga penalti dakika ya 90 akijiuliza kama anastahili, ameshakosa. Kwa hiyo tunamjenga miaka na miaka aamini kwamba hakuna kama yeye. Kisha filimbi ya mwisho ikilia tunataka aivue imani hiyo pamoja na viatu. Haivuliki hivyo.

Ndiyo maana maneno mabaya hutoka mara tu baada ya mechi. Juni 2011, Miami Heat waliposhindwa kwa mechi 4–2 na Dallas Mavericks kwenye fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, nyota wao LeBron James alisema waliomwombea ashindwe wataamka kesho na maisha yaleyale waliyokuwa nayo. Watu walisikia dharau, na dharau ilikuwemo. Mimi nasikia pia mtu wa miaka 26 aliyechapwa mbele ya dunia nzima, akaokota jiwe la kwanza lililokuwa karibu. Wayne Rooney naye, mshambuliaji wa Uingereza, baada ya sare tasa na Algeria kwenye Kombe la Dunia 2010, aliigeukia kamera akiwasuta mashabiki wa Uingereza kwa kuzomea. Aliomba radhi, na alistahili kuomba: watu wale walisafiri mpaka Cape Town kwa pesa zao.

Kisa cha Granit Xhaka ndicho kinachonisumbua zaidi. Oktoba 2019, akiwa nahodha wa Arsenal, alizomewa akitolewa uwanjani dhidi ya Crystal Palace. Akajibu kwa matusi, akavua jezi, na baada ya siku chache akavuliwa unahodha. Kabla ya kuvuliwa alikuwa ameeleza aliyokuwa akiandikiwa mitandaoni: mkewe auawe, binti yake apate saratani. Wengi waliomzomea siku ile hawakuwa wameandika neno. Lakini kwake umati ni sura moja. Shabiki amemfuatilia miaka kumi na anajua hata jina la mtoto wake. Yeye anamwona shabiki kwa sekunde mbili, na hajui kama huyu ni yule wa maua au yule wa matusi.

Yule wangu wa hedifoni sikumwambia aziache. Nilimwomba afungue sikio moja tu, kutoka mlango wa basi hadi mlango wa uwanja, hatua arobaini hivi. Wiki iliyofuata alikuja amenuna. Mzee mmoja getini amemwambia mguu wake wa kushoto ni wa mapambo.

"Na ni uongo?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo, halafu akaangua kicheko.