Dirisha la faragha halimfichi mtumiaji mtandaoni

Kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika makundi ya gumzo ujumbe unaodai kwamba ukifungua dirisha la faragha katika kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hakuna yeyote, hata mtengenezaji wa kivinjari hicho, anayeweza kujua kurasa unazozitembelea. Dai hilo si sahihi.

Unapolifunga dirisha hilo, kivinjari hufuta ndani ya kifaa chako historia ya kurasa pamoja na vidakuzi, yaani mafaili madogo ambayo tovuti hutumia kukutambua. Hiyo ni faida kubwa kwa anayetumia kompyuta pamoja na wengine. Hata hivyo, tovuti yenyewe, kampuni inayokuunganisha na intaneti na msimamizi wa mtandao wa kazini bado wanaweza kuona mengi. Na ukiingia katika akaunti yako, umeshajitambulisha mwenyewe.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua ukurasa unaoonyesha anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako ambayo tovuti huiona, katika dirisha la kawaida, kisha katika la faragha: kwa kawaida namba itakuwa ileile.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu neno faragha huahidi mengi, na historia iliyo tupu humfanya mtu aamini kwamba hakuna alama iliyobaki. Anayetaka kumpima mtengenezaji wa kivinjari asome sera yake ya faragha na kukagua mipangilio ya kutuma takwimu za matumizi, ambayo mara nyingi huwa imewashwa tangu mwanzo.

Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo, maana anayeuamini anaweza kufungua kazini jambo ambalo asingependa mwajiri wake alione.