Ndege Ndogo Kuukuu: Ubovu Usioonekana Mpaka Ifunguliwe

Anayenunua ndege ndogo ya zamani ili aifufue huanza kwa kutazama injini, vioo na viti, akapiga hesabu zake papo hapo. Sisi tunaokagua ndege hapa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, humwomba asubiri kidogo, kwa kuwa sehemu itakayoamua gharama bado imefunikwa. Cessna 172, iliyoingia sokoni mwaka 1956 na kutengenezwa kwa zaidi ya 44,000, ni mfano mzuri: nyingi kati ya zile za zamani zilitoka kiwandani bila rangi ya kinga ndani ya mabawa na mkia.

Kwa mtu wa Katanga jambo hili lina kinaya chake. Bati la ndege si alumini tupu. Aina itumiwayo sana, iitwayo 2024, ina shaba kiasi cha asilimia 4 hivi, madini yale yale yaliyoupa mkoa huu jina la Shaba tangu 1971 hadi 1997. Shaba huipa alumini nguvu, lakini pia huifanya iliwe upesi, kwani unyevu ukiingia, chembe zenye shaba na alumini inayozizunguka hugeuka kuwa mithili ya betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa ajili hiyo bati hufunikwa pande zote mbili kwa utando mwembamba wa alumini safi. Fundi akiondoa rangi ya zamani kwa msasa mkali, utando huo huondoka nayo, kisha rangi mpya inayong'aa huficha kosa lake kwa miaka. Binafsi, rangi mpya kwenye ndege inayouzwa hunitia shaka kuliko rangi iliyochakaa.

Ndege iliyoegeshwa nje tangu Novemba hadi Machi hunyeshewa sana, na matundu madogo ya kutolea maji chini ya mabawa huwa mara nyingi yamezibwa na udongo wa nyigu. Panya nao hujenga ndani, na mkojo wao hula alumini vibaya. Dalili za kutafuta ni unga mweupe kwenye maungio, bati lililovimba kati ya ribiti na ribiti (vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati), na mstari mweusi unaotoka kwenye kichwa cha ribiti kuelekea nyuma, ambao huonyesha kwamba ribiti hiyo imelegea na inacheza.

Kutu ndogo si jambo dogo. Tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa nchini Australia, Cessna 210 ilikatika bawa ikiwa angani na watu wawili waliokuwamo wakafa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kishimo cha kutu katika mhimili unaopita juu ya kabini na kuunganisha mabawa mawili. Mhimili huo hujificha nyuma ya bitana ya dari, na sponji ya kupunguza kelele iliyobandikwa hapo ikinyonya unyevu huushikiza kwenye mhimili. Mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza mihimili ya aina hiyo ikaguliwe kwa macho na kwa kifaa cha mikondo ya umeme, ambacho hugundua ufa usioonekana.

Injini nayo ina siri yake. Wauzaji hujisifu kwamba injini imetembea saa chache tu. Katika injini nyingi za kampuni ya Lycoming, shafti inayofungua valvu iko juu ya krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ndege ikikaa bila kuruka, oili huchuruzika chini na shafti hiyo hubaki wazi kwa hewa yenye unyevu. Hushika kutu, na injini inapowashwa tena, kutu hiyo husaga chuma. Mara nyingi huwezi kuiona vizuri bila kung'oa silinda.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatumpi mwenye ndege bei ya ukarabati. Tunampa bei ya kufungua tu: viti, sakafu, bitana na vifuniko vyote vitolewe, tupite na tochi na kioo chenye mpini. Bei ya pili huja baada ya hapo, na wako wanaoisoma kisha wakaamua kuiuza ndege kama vipuri.