Gari ya Japani ikifika huku: kipi ubadilishe, kipi uache kama kilivyo

Mtu akishatoa Toyota IST au Premio yake bandarini Dar swali ni lilelile, fundi tuifanyie nini iendane na huku? Sisi tunaofundisha mafundi chuoni tunaulizwa sana hili, na majibu ya mtaani mengine yanaua injini.

Hizi gari zilitengenezwa auze Mjapani kwa Mjapani mwenzake. Ndo maana redio inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90 wakati stesheni zetu zinaenda mpaka 108, hapo unafunga konveta (kifaa cha kushusha masafa yaingie kwenye redio hiyo) au redio nyingine, basi. Spidimita kuishia 180 ni makubaliano ya makampuni ya kule, achana nayo. Na yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari hakusalimii jamani, ni kifaa cha kulipia barabara za kule kinalalamika hakina kadi, fundi umeme akichomoe. Taa hazina shida kwetu maana tunaendesha kushoto kama wao, ila gari hiyohiyo ikienda Bujumbura inawachoma macho wanaokuja mbele.

Sasa themostati, hapa ndo tunagombana. Fundi anakwambia huku joto bosi, tuitoe. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwenye Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado kuna baridi inaendelea kuongeza mafuta, halafu unakuja kulalamika gari inakula wese. Ikichemsha tafuta sababu: rejeta imeziba, feni haizunguki, au kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliisha ukawa unajazia maji ya bomba.

Oili nayo hivyohivyo. Hiyo themostati ndo inafanya injini ya Sapporo kule Japani kwenye theluji na ya Dar mwezi wa pili zifanye kazi kwenye joto karibu sawa, kwa hiyo kutia oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa nyepesi ya 0W-20 eti kwa sababu ya joto haina maana, nzito inachelewa kupanda juu na VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, inategemea presha ya oili. Toyota nyingi zinakubali 5W-30, soma kitabu cha gari.

Spesa, vile vipande vya kuinua gari juu, naelewa, barabara zetu tunazijua. Ila usipandishe kupita kiasi, shafti zinakaa upande na mipira ya sivii joint (viungo vya shafti zinazozungusha matairi) inachanika mapema, na ukishapandisha piga alaimenti na ushushe taa siku hiyohiyo.