Uzio Si Jibu la Kila Ukingo

Kila ninapouliza kwa nini safu ya vyuma imesimikwa mbele ya ngazi za mawe zilizokaa mahali pake kwa takriban miaka 200, hupewa jibu lile lile, kwamba sheria ya usalama inalazimisha. Wiki hii nimepewa tena, safari hii na mtu ambaye kazi yake ni kuijua sheria hiyo, na kwa kuwa vikao havinipi nafasi ya kulijibu inavyostahili, nitalijibu hapa. Sheria hailazimishi uzio. Sheria inamtaka mwenye eneo azijue hatari zilizopo na achukue hatua za busara kuzikabili. Uzio ni hatua moja kati ya nyingi, na katika bustani ya kihistoria mara nyingi ndiyo inayoharibu zaidi na kulinda kidogo zaidi.

Ninazungumzia Uingereza, ambako ndiko ninakofanya kazi ya kuhifadhi mandhari, na hasa zile hifadhi za burudani zilizojengwa ndani ya mashamba ya kale ya mabwanyenye. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Alton Towers, katika jimbo la Staffordshire. Charles Talbot, Lodi wa 15 wa Shrewsbury, alianza kuitengeneza bustani yake hapo mnamo mwaka 1814 hivi, katika bonde lenye miamba na miteremko mikali, na alipofariki mwaka 1827 mrithi wake, John, mtoto wa ndugu yake, akaiendeleza. Chemchemi ya Pagoda aliyoibuni Robert Abraham bado imesimama katika bwawa lake. Rola kosta ya Corkscrew, yaani mashine ya burudani inayobeba watu kwa kasi juu ya reli, ilifunguliwa mwaka 1980, na tangu hapo vizazi vya wageni vimepita juu ya bonde hilo vikielekea kwenye mashine. Bustani imesajiliwa katika orodha ya taifa ya bustani za kihistoria, daraja la I, ambalo ndilo la juu kabisa. Msomaji aliyezoea bustani tambarare zenye maua yaliyopangwa kwa mistari aelewe kwamba bustani ya aina hii imebuniwa kwa kushuka na kupanda: njia inapinda, miti inafunguka, na ghafla bonde zima liko chini ya miguu yako. Ukingo ndio msanii alioufanyia kazi, na ukiufunika umeifunika kazi yake.

Kabla sijaendelea, nitenge jambo moja ambalo sina ugomvi nalo hata kidogo. Uzio unaoizunguka mashine inayotembea lazima uwepo, uwe mrefu, uwe imara, wala usijadiliwe na mtu wa bustani kama mimi. Kiwango cha Marekani cha F2291, kinachohusu usalama wa mashine za burudani, kinataka uzio wa namna hiyo usipungue milimita 1,067 kwenda juu, na matundu yake yasiruhusu tufe la milimita 102 kupita. Vipimo vya Ulaya viko jirani na hivyo. Mwaka 2008, katika hifadhi ya Six Flags Over Georgia, kijana mmoja alipanda nyua mbili, kila mmoja wa futi sita hivi, akaingia katika eneo la rola kosta na kuuawa. Tukio hilo linanikumbusha mambo mawili kwa pamoja: kwamba hatari ya mashine si ya kufanyiwa mzaha, na kwamba hata uzio mrefu humzuia tu yule aliyekubali kuzuiwa. Namna ya kuipatanisha mashine yenyewe na mandhari ni suala jingine, nalo lina majibu mazuri. Rola kosta ya Nemesis, iliyofunguliwa Alton Towers mwaka 1994, ililazimika kubaki chini ya vilele vya miti, hivyo mwamba ukachimbwa na mashine ikazamishwa shimoni, na wengi huihesabu miongoni mwa bora za wakati wake. Ugomvi wangu uko kwingine kabisa: kwenye kuta za kuzuia udongo, ngazi, madaraja, mabwawa na magofu, mahali ambapo hakuna kinachotembea isipokuwa mgeni mwenyewe.

Sasa sheria. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974 inamtaka mwendeshaji afanye kile kinachowezekana kwa kiasi cha busara. Sheria ya Dhima ya Wamiliki ya mwaka 1957 inamtaka mwenye eneo awe na uangalifu wa busara ili mgeni awe salama kwa kiasi cha busara. Neno linalorudiwa kila mahali ni busara, na busara maana yake ni kupima: uwezekano wa ajali, uzito wake, gharama ya kuizuia, na kile kitakachopotea kwa kuizuia. Mwaka 1995 kijana wa miaka 18 alijirusha katika maji mafupi ya ziwa la Brereton Heath huko Cheshire, akavunjika shingo. Baraza la Congleton, lililosimamia eneo hilo, lilikuwa limeweka mabango ya kukataza kuogelea na lilikuwa na mpango wa kuzifukia fukwe za mchanga na kupanda mimea juu yake. Shauri lilifika hadi kwa Malodi wa Bunge, ambao wakati huo walikuwa mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2003 wakaamua kwamba baraza halikuwa na wajibu wa kumlinda mtu mzima dhidi ya hatari iliyo wazi machoni pake, na kwamba haikuwa haki kuwanyima watu wengi fukwe wanazozifurahia kwa sababu ya wachache wanaojiingiza hatarini. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilipima shauri la mtu aliyeanguka kutoka kwenye daraja la mapambo la Beddington Park, lenye kuta fupi mno za pembeni, akaumia vibaya. Majaji walikataa kusema kwamba kila daraja la kale lenye kingo fupi linahitaji kuongezewa vyuma. Watu wawili waliumia maisha yao yote katika mashauri haya, na sisemi kwamba maumivu yao ni madogo. Ninachosema ni kwamba majaji waliyatazama maumivu hayo moja kwa moja na bado hawakuagiza uzio.

Yupo atakayenijibu kwa hukumu ya mwaka 2021 iliyoikuta hoteli ya kale, nayo jengo lililoorodheshwa (yaani linalolindwa kisheria kwa thamani yake ya kihistoria), na dhima kwa mgeni aliyeanguka kutoka dirisha lenye kizingiti kifupi cha ghorofa ya juu. Ni kweli, na hukumu hiyo ni ya kusomwa kwa makini, kwa sababu inafundisha kile kile. Dawa ya dirisha lile ilikuwa kizuizi kidogo cha chuma cha bei ndogo sana, ambacho hakuna ambaye angekiona. Hatari kubwa ilikuwa na tiba rahisi isiyoharibu chochote, na hoteli haikuitumia. Pima kwa mizani hiyo hiyo mita 80 za paneli za vyuma mbele ya mandhari iliyobuniwa kutazamwa, kwenye ukuta ambao kumbukumbu za eneo hazionyeshi aliyewahi kuanguka, na mizani italala upande mwingine.

Hata sheria ya mipango, ambayo kwa kawaida humruhusu mtu kujenga uzio wa hadi mita 2 bila kibali, inauondolea ruhusa hiyo ndani ya viwanja vya jengo lililoorodheshwa. Kwa hiyo wale wanaosema wamelazimishwa na sheria kuweka uzio, mara nyingine wameuweka kinyume cha sheria.

Nirudi kwenye macho, kwa sababu hapa ndipo ninapoudhika kuliko popote. Naambiwa: "Lakini huu ni uzio wa kupenya, unaona hadi ng'ambo." Hauoni, na hesabu yake ni rahisi. Chukua vyuma bapa vyenye kina cha milimita 50, vilivyosimamishwa kwa nafasi ya milimita 100 kati yake. Ukisimama mbele yake moja kwa moja, kweli utaona ng'ambo. Lakini mgeni hasimami mbele ya uzio. Anatembea kandokando yake akitazama aendako. Mara tu mstari wa macho yake unapokuwa chini ya nyuzi 27 kutoka kwenye mstari wa uzio, kila chuma kinafunika nafasi inayokifuata, na uzio wote unageuka ukuta. Nondo za mviringo za milimita 12 kwa nafasi hiyo hiyo hazizibi hadi nyuzi 6. Tofauti ya nyuzi 27 na nyuzi 6 ndiyo tofauti ya kuiona bustani na kutoiona, nayo huamuliwa na mtu anayechagua bidhaa kwenye katalogi bila kwenda kusimama njiani.

Mahali pa kuuweka pana uzito kuliko umbo lake. Macho ya mtu mzima yako kwenye mita 1.6 hivi kutoka chini. Uzio wa mita 1.1, ukiwa umbali wa mita 6 kwenye ardhi tambarare, unafunika sehemu ya mandhari kuanzia nyuzi 5 hadi nyuzi 15 chini ya upeo wa macho, na hapo hasa ndipo yalipo maji, malisho na sakafu ya bonde. Ushushe uzio ule ule kwenye mteremko, mahali ambapo ardhi imeanguka kwa mita 1, na ncha yake inakuwa nyuzi 14 chini ya upeo. Bonde linarudi. Ni vyuma vile vile, fedha ile ile, fundi yule yule, ila mtu ametembea hatua chache na kipimo mkononi. Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi: kijani cha kiwandani hakifanani na jani lolote, zinki tupu hung'aa kwenye jua, na rangi iliyofifia inayokaribia nyeusi hupotea kivulini. Na nyua za chuma za malisho zenye fito za kulala, ambazo wengi hudhani zinafaa kwa sababu ni za kale, ni ngazi kwa mtoto; usiziweke juu ya ukuta mrefu kwa kisingizio cha historia.

Wabunifu wa karne ya 18 walikuwa na tatizo hili hili kwa ng'ombe, na Charles Bridgeman alilitatua katika bustani ya Stowe kwa handaki lenye ukuta upande mmoja, ambalo kutoka upande wa nyumba halionekani kabisa. Hupendekezwa kwangu mara kwa mara kama muujiza, nami hulazimika kueleza kwamba handaki lisiloonekana ni ukingo usioonekana, na kwamba kwa watu wengi wanaotembea wakiongea lenyewe ni hatari. Zana ninazoziamini zaidi ni za kawaida. Nyasi zikiachwa ndefu kwa upana wa mita mbili au tatu kabla ya ukingo, watu wengi huzifuata nyasi fupi bila kuambiwa. Vichaka vizito vyenye miiba humzuia mtoto vizuri kuliko nondo, mradi mtu ahesabu miaka ambayo vitahitaji kukua. Ukingo wa bwawa ukitengenezwa kuwa na kina kifupi kwa hatua kadhaa kabla ya kina kirefu, aliyeteleza husimama na kutoka. Njia yenyewe inaweza kusogezwa mbali, na kwa ngazi mara nyingi kinachotakiwa ni kishikio kimoja chembamba upande mmoja na mawe yaliyotengenezwa yakae sawa.

Hapo nafika kwenye uzio ninaouchukia zaidi, ule wa muda: paneli za waya za mita 3.5 kwa mita 2, zilizosimama kwenye miguu ya zege. Huja kwa sababu ya kweli. Jiwe limedondoka, ukuta umepata ufa, paa la gofu halikaguliki. Nakubali uwekwe siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba siku uzio unaposimama, hatari kwenye karatasi inashuka kutoka nyekundu hadi kijani, na fedha za kutengeneza ukuta zinahamia kwenye mstari mwingine wa bajeti ambao bado ni mwekundu. Nyasi nyuma ya paneli hazikatwi tena, miti midogo inaota kwenye viungo vya mawe na mizizi yake inaupanua ufa ule ule. Kisha mtu anafunga kitambaa ili wageni wasione uchafu, upepo unakisukuma kitambaa, paneli zinaanguka, na vyuma vya kuegemeza vinaongezwa. Uzio ulioletwa kulinda watu dhidi ya ukuta sasa ndio unaouangusha ukuta. Kwa hiyo ninapopitisha uzio wa muda nadai tarehe ya kuondolewa, jina la anayehusika, na kiasi cha fedha za ukarabati kilichokwisha kutengwa. Pasipo hayo sitii saini.

Yapo yanayonisumbua, nami siyafichi. Zile hukumu za Brereton Heath na Beddington zinawahusu watu wazima na hatari iliyo wazi, wakati sheria ya mwaka 1957 inasema waziwazi kwamba mwenye eneo atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Hifadhi ya burudani ni mahali pa watoto. Zaidi ya hayo, mgeni anayeingia bustanini huku ametoka kufungwa mikanda siku nzima, akigeuzwa kichwa chini na kurudishwa salama, amefundishwa na eneo lenyewe kwamba kila kitu humo kimekaguliwa kwa ajili yake. Sina uhakika kwamba mtu huyo anausoma ukingo wa mawe kama anavyousoma yule aliyekuja kutazama miti, na vitabu vyetu vya uhifadhi vimeandikwa kwa ajili ya huyu wa pili. Kwa sababu hiyo, katika njia zinazounganisha mashine na mashine, ambako watu hukimbia na watoto wameachiwa mikono, nimekubali vyuma ambavyo katika bustani ya kawaida ningevikataa, na kwenye hatua za mwanzo za kushuka bondeni nimekuwa nikipendekeza lango, mabadiliko ya sakafu kutoka lami hadi changarawe, na bango moja fupi, ili mwili wa mgeni utambue kwamba ametoka upande mmoja wa hifadhi na kuingia mwingine. Kutoka hapo kushuka chini, kila mita ya uzio anayeitaka na aniandikie inazuia nani asianguke wapi, na kwa nini njia isisogezwe.