Okidi ya chui haijawa adimu, ila inakwisha

Jumamosi moja nilisimama kando ya Barabara ya Ngong, pale wauza miche wanapopanga vyungu hadi ukingoni mwa lami. Nilikuwa natafuta mbolea ya kupandia sukumawiki. Sikufika kwenye mbolea. Kijana mmoja ninayemfahamu kwa sura alikuwa ameegemeza ukutani fungu kubwa la mmea, mashina manene ya rangi ya manjano iliyochakaa, marefu kama mkono wangu, yamebanana kama miwa iliyofungwa tayari kwa soko. Chini yake ulining'inia utando wa mizizi myeupe, na katikati ya mizizi palikuwa na kipande cha gome la mti, kipana kama sahani.

"Madamu, hii ni okidi ya msitu," akaniambia. "Si zile za kufugwa."

Alilitaja hilo kama sifa, na nadhani wateja wengi wa Nairobi hulisikia hivyo hivyo. Mimi nilikuwa naliangalia lile gome. Mmea uliopandwa chunguni hauji na gome la mti. Mtu alipanda juu na panga, akabandua.

Mmea wenyewe kwa kitaalamu ni Ansellia africana. Watu hupenda kuuita okidi ya chui, kwa kuwa maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia. Jina la kisayansi lilitolewa mwaka 1844 na mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Lindley, kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani aliyesafiri na msafara wa Mto Niger wa 1841 na kuupata kisiwani Fernando Po, ambacho leo ni Bioko. Katika jenasi yake, yaani kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu, ndio pekee. Hauna ndugu wa karibu wa kushika nafasi yake ukiondoka.

Kabla ya kufika kwenye hali yake, kuna dhana moja inayouponza mmea huu hata kwa watu wenye nia njema. Wengi wanaamini okidi za juu ya miti ni kupe, kwamba zinaunyonya mti, na kwamba kuzing'oa ni kuusaidia. Si kweli. Okidi ya chui ni mpangaji. Inashika gome ili ipate mwanga na upepo, lakini haiingizi mzizi ndani ya mti. Chakula chake inajitafutia kwa namna inayonifurahisha hadi leo: baadhi ya mizizi yake, badala ya kushuka, inasimama wima kama sindano na kulizunguka fungu zima. Majani makavu, vumbi na kinyesi cha ndege vinapoanguka kutoka juu vinanaswa humo kama kwenye kapu, vinaoza, na okidi inakula taratibu. Ukiuona mti wenye kapu la namna hiyo, mti huo umekuwa ukibeba jiko la mwingine kwa miaka mingi bila kupoteza kitu.

Sasa hali yake. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima viumbe gani wamo katika hatari ya kutoweka, tathmini ya mwaka 2013 iliiweka okidi hii kwenye ngazi ambayo mimi huitafsiri "mashakani". Juu ya hapo kuna "hatarini", kisha "hatarini kabisa", kisha kutoweka. Wenzangu wengine hutumia "inayoweza kudhurika", lakini nani asiyeweza kudhurika? Mashakani ni neno linalobeba uzito wake.

Hapo ndipo ninapopata ubishi kila ninapoitaja. Mmea huu unapatikana Afrika Magharibi, unapatikana Kenya, Tanzania, Msumbiji, Zimbabwe, hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Pwani yetu utauona kwenye mibuyu. Bara, kwenye nchi ya joto, utauona kwenye miti mikubwa kandokando ya mito ya msimu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza bila kupepesa: kitu kilichotapakaa nusu ya bara kinakuwaje mashakani, wakati kuna okidi zinazoishi kwenye kilima kimoja tu?

Swali ni zuri. Mtu akisikia "Orodha Nyekundu" huwaza kitu kilichobaki vichache, na njia hiyo ipo kweli. Mmea unaweza kuingia orodhani kwa sababu eneo lake ni dogo na linazidi kumegeka, au kwa sababu mimea iliyokomaa haifiki 1,000. Okidi za kilima kimoja huingia kwa mlango huo. Lakini kuna mlango mwingine usiouliza zimebaki ngapi. Unauliza zinapungua kwa kasi gani. Kama sababu za kupungua bado zinaendelea, na idadi imeshuka au inakadiriwa kushuka kwa asilimia 30 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kipi ni kirefu zaidi, basi mmea uko mashakani, hata kama uliosalia ungejaza misitu mitatu. Ukishuka asilimia 50, uko hatarini. Asilimia 80, hatarini kabisa.

Ninapoeleza hili kwa watu wasio wa fani, hutumia mfano wa akaunti ya benki. Mtu mwenye shilingi milioni moja anayetoa elfu hamsini kila mwezi bila kuweka hata senti, na mwenye elfu kumi asiyegusa kitu, ni yupi wa kuhurumiwa? Majirani watamhurumia wa elfu kumi. Meneja wa benki atampigia simu wa milioni.

Angalieni pia yale maneno "vizazi vitatu". Kwa panya ni suala la miezi. Kwa okidi inayokua polepole, inayongoja miaka kabla ya kutoa ua la kwanza, vizazi vitatu ni muda mrefu, na hasara ya leo inaweza isionekane mapema. Mafungu makubwa mnayoyaona juu ya mibuyu ni wazee. Yanachanua, yanapendeza, na yanatudanganya. Ninapotembelea mahali, siangalii kwanza yale makubwa. Natafuta watoto: vimche vya shina moja au mawili, vyenye urefu wa kidole, vilivyojibana kwenye mpasuko wa gome. Pale ninapokuta wazee watupu, najua hesabu inavyokwenda.

Na watoto hawapatikani kirahisi. Tunda moja la okidi hutoa mbegu laini kama vumbi la unga, nyingi kupita kiasi, lakini kila mbegu imetoka nyumbani bila chakula cha njiani. Punje ya maharagwe ina akiba yake ndani. Mbegu ya okidi haina. Lazima itue mahali penye kuvu wa aina inayofaa, kuvu huyo aingie ndani yake, ndipo ipate cha kuanzia maisha. Kwa hiyo msitu unaweza kuwa na mbegu tele hewani na usipate mche hata mmoja, kwa kuwa gome lenye umri, unyevu na kuvu anayetakiwa halipo tena. Mti mchanga uliopandwa juzi kwenye sherehe ya kupanda miti, mbele ya kamera, hauwezi kumpokea mpangaji huyu. Utaweza labda wajukuu wetu wakiwa watu wazima.

Nilimwuliza yule kijana fungu lake limetoka wapi.

"Ukambani huko."

"Nani huleta?"

"Linakuja na lori la makaa."

Kwa miaka nimekuwa nikiandika vitisho hivi kwenye ripoti kama vitu viwili, aya mbili: uchumaji kwa ajili ya biashara, na upotevu wa miti inayoibeba. Kijana wa Barabara ya Ngong aliviunganisha kwa sentensi moja. Mti unaangushwa kwa ajili ya makaa. Okidi iliyokuwa juu iko chini sasa, haihitaji ngazi. Msaidizi wa dereva anaitupa juu ya magunia kwa sababu anajua Nairobi kuna mtu ataitolea pesa kidogo. Kama hakuna wa kuipeleka, inakaukia palepale juani. Kwa hesabu ya dereva, hajang'oa kitu. Ameokoa.

Na sitamcheka, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kuokoa hivyo hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu kwamba eneo moja la nchi ya joto linasafishwa kwa ajili ya barabara, na miti yenye okidi imeshalala chini. Nilikwenda na magunia mawili, nikarudi na mafungu manne. Mawili nikayafunga kwa kamba ya katani kwenye mti ulio nyuma ya nyumba ninayopanga, nikayamwagilia kila asubuhi kama mtoto mchanga. Ilikuwa Juni. Wakazi wa Nairobi wanaijua Julai inayofuata: mawingu hayatoki, jua linaonekana kwa mkopo, na tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Okidi ya chui ya nchi ya joto wakati huo hutaka kupumzika, ikauke, ipate mwanga mkali. Mimi niliipa baridi na maji. Mashina yakaanza kulainika kutoka chini, yakawa ya kahawia, yakatoa harufu. Kufikia Agosti nilikuwa na kamba ya katani tu.

Nayasema haya kwa sababu sehemu kubwa ya okidi za chui zinazonunuliwa kando ya barabara zetu naamini hufa hivyo, kwenye varanda za Kileleshwa na Lang'ata, zikimwagiliwa kwa upendo. Mwenye nyumba huona fungu limeoza, hujilaumu kidogo, hurudi kununua lingine.

Sheria? Zipo, na zimejaa mianya ya kijiografia, si ya uandishi. Familia nzima ya okidi, aina takriban 28,000 duniani, imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe wa porini uliotiwa saini mwaka 1973, ambao Kenya ni mwanachama wake tangu 1979. Okidi ya chui iko kwenye Kiambatisho cha Pili: kuuza nje ya nchi kunaruhusiwa, ila kwa kibali kinachothibitisha kwamba biashara hiyo haiumizi mmea porini. Mkataba huu unaamka mpakani na kwenye uwanja wa ndege. Lori linalotoka Ukambani kuingia Nairobi halivuki mpaka wowote. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 nayo inakataza kutoa mazao kwenye msitu wa umma bila kibali, lakini mibuyu na migunga mingi yenye okidi hizi imesimama kwenye mashamba ya watu, na mwenye shamba anapouza makaa hafikirii hata kidogo kwamba ameuza na kilichokuwa juu ya tawi.

Kuzalisha okidi kwenye chupa inawezekana. Tangu mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson alipoonyesha kwamba mbegu ya okidi inaweza kuota kwenye mchanganyiko wa sukari na madini bila kuvu, maabara duniani zimeotesha okidi kwa maelfu. Okidi ya chui nayo imeoteshwa hivyo. Tatizo ni bei ya subira. Mche wa chupa unahitaji chumba safi, umeme, na miaka ya kulishwa kabla haujachanua. Fungu la kwenye lori limeshalelewa na mbuyu kwa miongo bila malipo, na linachanua msimu ujao. Hakuna mfanyabiashara wa miche atakayeshindana na hilo, labda mnunuzi aanze kukataa.

Kama unataka kununua, tazama mizizi. Okidi iliyooteshwa kitaluni ina mizizi iliyofuata umbo la chungu, mashina yaliyolingana na majani yasiyo na makovu. Ya porini ina mashina ya kila umri, mengine yameumwa na wadudu, mizizi iliyokatwa butu, na mara nyingi gome. Muuzaji anaweza kuosha vumbi. Mizizi iliyokatwa haoti mingine kwa usiku mmoja.

Turudi ukutani. Sikununua lile fungu, ila nilimwomba lile gome. Kijana alinitazama kama mtu aliyeomba maganda akaacha ndizi. Nikamweleza kwamba ninafanya kazi na mimea iliyokaushwa, na kwamba hapa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa, kuna mkusanyiko wa sampuli zaidi ya milioni moja, ulioanzishwa Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902 na kuhamishiwa huku 1950. Kila sampuli ina karatasi inayosema ilichumwa wapi. Fungu lake halina karatasi. Bila mahali ni majani tu. Lakini gome linaweza kuniambia lilikuwa kwenye mti gani, na mti ukijulikana nakaribia kujua lori linakata wapi.

Akanikatia kwa kisu kidogo, bure.

Jumamosi iliyofuata nilipita tena, safari hii kwa ajili ya mbolea kweli. Fungu lilikuwa limeuzwa. Kijana aliinama chini ya meza akatoa mfuko wa naironi wenye vipande vitano vya gome, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti, na juu ya gazeti ameandika kwa kalamu jina la mahali alilopewa na dereva: Kibwezi, Mutomo, Kibwezi tena, Voi, na kimoja "hajui".

"Hizi sasa, madamu," akasema, "ni mia mbili kila moja."

Nikalipa vinne. Cha "hajui" akanipa kama nyongeza.