Nondo ya nguvu ya juu: maana yake kwa jengo la kustahimili tetemeko

Kila nondo ina kikomo cha kuvutika: ikivutwa kupita hapo, hairudi tena urefu wake wa awali. Nondo ya nguvu ya juu ni ile ambayo kikomo hicho kiko mbali. Namba 500 katika B500, jina la nondo ya Ulaya, ndicho kikomo chenyewe, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba. Nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201, kwa hiyo ya 500 hufika karibu tani 10, ya 420 tani 8 na nusu.

Faida yake huonekana pale bimu na nguzo zinapokutana. Nondo chache hubeba mzigo uleule, na nondo zikipungua, zege hupita na kokoto hazikwami.

Lakini tetemeko halitaki nguvu peke yake. Bimu inatakiwa ivutike kabla nguzo haijaelemewa, maana nguzo ikienda, ghorofa zima limekwenda. Tuseme ramani imeandika 420, duka la Tanga mjini lina 500 tu, fundi anafunga idadi ileile kwenye bimu akidhani ameongeza usalama. Bimu sasa inagoma kuvutika. Mzigo unahamia kwenye nguzo, au bimu yenyewe inapasuka mshazari ghafla. Ndiyo maana kiwango cha Marekani cha A706 kinataka kikomo kilichopimwa cha nondo ya 420 kisizidi 540, na nguvu ya kukatika iwe angalau mara 1.25 ya kikomo hicho. Ulaya, tazama herufi ya mwisho: B500C lazima irefuke asilimia 7.5 kwenye mzigo wake wa juu kabisa, B500B asilimia 5 tu. Kwa hiyo dai cheti cha kiwanda. Rangi ya nondo haisemi lolote.

Ringi, vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo kuu, nazo hukaribiana. Kanuni za Marekani za 2019, kwenye ncha za nguzo, haziruhusu nafasi kati ya ringi kuzidi kipenyo cha nondo kuu mara 6 kwa nondo ya 420, mara 5 kwa ya 550: milimita 96 na 80 kwa nondo ya 16. Kulabu za ringi zikunjwe digrii 135 kuingia ndani ya zege. Za digrii 90 hufunguka ganda la zege likibanduka.

Ugumu wa chuma, yaani kinavyokataa kurefuka kabla ya kikomo, haubadiliki: ni nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba kwa aina zote. Nondo chache zenye mzigo mkubwa huleta nyufa pana zaidi, na kwa upepo wa chumvi wa Tanga hilo si dogo: kutu ya vishimo hupunguza kurefuka kwa nondo haraka kuliko nguvu yake. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hilo.