Sheria ya kukuza mpira asilia wa ndani ni nini?

Ni sheria inayoiruhusu serikali kutumia fedha, ardhi na wataalamu wake ili nchi inayoagiza mpira kutoka nje ianze kulima wa kwake. Mfano ulio wazi ni Marekani, ambayo sehemu kubwa ya mpira wake asilia hutoka Kusini-Mashariki mwa Asia. Mpira wa viwandani, unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli, haujaweza kuuondoa kabisa ule wa shambani. Tairi za ndege bado zinautegemea, kwani hustahimili joto na hauchaniki upesi.

Sheria ya kwanza ilisainiwa na Rais Roosevelt Machi 5, 1942, wakati Wajapani wakiteka maeneo ya Asia yaliyotoa takriban asilimia 90 ya mpira wa dunia. Iliruhusu Wizara ya Kilimo kununua mbegu na kiwanda cha kampuni ya Intercontinental Rubber huko Salinas, California, kukodi mashamba, na kupanda hadi ekari 75,000 za gwayule (Parthenium argentatum).

Gwayule ni kichaka cha nyika kavu za Texas na kaskazini mwa Mexico. Hakigemwi kama mti wa mpira, maana utomvu wake hautiririki: umefungiwa ndani ya seli, hasa za gome. Lazima kichaka kikatwe, kisagwe, kisha mpira utenganishwe. Tani moja ya kichaka kikavu hutoa takriban kilo 50 hadi 100 tu. Tatizo kubwa ni ulimbo unaotoka pamoja na mpira; usipoondolewa vizuri, mpira hunata na kuharibika mapema.

Zilipandwa kama ekari 32,000, zikatoa tani zipatazo 1,400 za mpira. Vita vilipokwisha, mpira wa Asia ukarudi sokoni na ule wa viwandani ukawa tayari umeshika nafasi. Wenye mashamba wakataka ardhi yao, na vichaka vingi ambavyo havijakomaa vikachomwa au kulimiwa chini.

Bunge lililirudia jambo hilo mwaka 1978, safari hii likilenga utafiti na mashamba ya majaribio ya gwayule. Mwaka 1984 sheria hiyo ikapanuliwa na kugusa mazao mengine yenye malighafi muhimu kwa viwanda na ulinzi.

Msomaji wa sheria hizi asichanganye mambo mawili. Kwa utaratibu wa Marekani, sheria kuidhinisha kiwango cha fedha si sawa na fedha kutolewa. Kutolewa kunahitaji kura nyingine ya bajeti, kwa kawaida kila mwaka. Gwayule huvunwa baada ya miaka 2 hivi. Mkulima wa Arizona anayeweza kuvuna pamba kila msimu hatafunga shamba muda wote huo bila mkataba wa mnunuzi, na utafiti peke yake haumpi mkataba huo.